Amekula nini kabla ya mashine? Kupima hatari ya lishe kwa mgonjwa mahututi

Mgonjwa anayepumua kwa mashine hawezi kukwambia ana njaa. Hawezi kukwambia kwamba wiki mbili kabla ya kuletwa alikuwa anaishi kwa chai ya rangi, wala kwamba suruali yake siku hizi inafungwa kwa kamba. Amelazwa kwa dawa za usingizi, mrija uko kooni, na kila anayefika kitandani anaangalia kwanza oksijeni, presha na mkojo. Ni haki kuanza na hivyo. Lakini siku ya tatu inafika, ya nne inafika, na kwenye faili hakuna hata mstari mmoja unaosema mtu huyu alikuja na akiba gani mwilini.

Akiba hiyo inaisha upesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika London, ulipima msuli wa paja wa wagonjwa mahututi kwa ultrasaundi. Kufikia siku ya 10 msuli ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18. Misuli ya kupumulia nayo ni misuli. Ikisinyaa, kumwachisha mgonjwa mashine kunakuwa kazi ngumu, na aliyekuja akiwa tayari amekonda hana cha kupoteza.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya muuguzi, daktari wa zamu na afisa lishe wa Dodoma na mikoa ya jirani, watu wanaofanya kazi bila mizani ya kitanda na pengine bila kipimo cha fosfeti, moja ya chumvi za damu. Hauchukui nafasi ya mwongozo wa hospitali yako wala ya uamuzi wa daktari bingwa.

Chama cha lishe tiba cha Ulaya, ESPEN, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kinasema kila anayekaa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, zaidi ya saa 48 ahesabiwe kuwa yuko hatarini kilishe. Hilo basi limeshajibiwa. Kinachobaki ni kujua hatari hiyo ni kubwa kiasi gani na ni ya aina gani: ya kukaa bila chakula, au ya kulishwa kwa kasi ambayo mwili wenye njaa hauwezi kuihimili. Aina hizi mbili zinaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja, na hapo ndipo makosa mengi hutokea.

Hatua ya 1: Kaa na ndugu wa mgonjwa

Fanya hivi ndani ya saa 24 za mwanzo, kabla ndugu hawajatawanyika. Wagonjwa wengi wa rufaa wanaofika Dodoma wanatoka mbali: Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Manyoni. Aliyemsindikiza kwenye ambulensi huenda ndiye pekee anayejua mgonjwa alikuwa anakula nini. Kesho akirudi nyumbani, atakayeshika zamu ya kukaa hospitali ni binamu wa Area C ambaye hajamwona mgonjwa tangu Krismasi.

Ukimwuliza mama, "Alikuwa anakula vizuri?" atakujibu, "Alikuwa anakula tu." Hadanganyi. Hakuna mzazi atakayekubali mbele ya watu wa koti jeupe kwamba mwanawe alikuwa hali. Uliza mlo kwa mlo, na uliza kiasi:

— Shikamoo mama. Pole na kuuguza.

— Marahaba mwanangu, tumeshapoa.

— Mama, siku mliyomleta, asubuhi alikunywa nini?

— Uji. Nusu kikombe, tena mwingine akautapika.

— Na jana yake mchana?

— Nilimpa ugali na mlenda. Akala tonge mbili, akasema unamkwama.

— Hizi tonge mbili zilianza lini?

— Tangu alivyorudi kwenye msiba wa shemeji yake, kule Bahi. Sasa ni kama wiki mbili.

Hapo umepata ulichokuwa unatafuta. Tonge mbili za mchana na nusu kikombe cha uji kwa wiki mbili ni chini sana ya nusu ya mahitaji ya mtu mzima. Vigezo vya kimataifa vya GLIM vya mwaka 2019 vinahesabu nusu ya mahitaji au pungufu, kwa zaidi ya wiki moja, kuwa ni kigezo kimojawapo cha chanzo cha utapiamlo. Na angalia alivyokumbuka tarehe: kwa msiba. Watu hawakumbuki kwamba ilikuwa tarehe 9. Wanakumbuka mnada, sikukuu, siku mvua ilipobomoa ukuta, siku mtoto alipofungua shule. Tumia hizo.

Kuhusu uzito, usiulize amepungua kilo ngapi. Uliza nguo zinampwaya tangu lini, mkanda umeongezwa matundu mangapi, pete inaanguka au haianguki. Kisha omba kadi. Anayehudhuria kliniki ya kifua kikuu, ya VVU, ya kisukari au ya presha ana kadi yenye uzito ulioandikwa kwa tarehe, na mara nyingi kadi hiyo iko kwenye mkoba wa mama, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho. Uzito wa miezi mitatu iliyopita uliopimwa kwa mizani una thamani kuliko makadirio ya macho ya daktari yeyote. Kama amepungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita, andika hivyo: kilo ngapi, kutoka lini mpaka lini.

Kuna maswali mawili ambayo hayaulizwi mbele ya watu. La kwanza ni la njaa ya nyumbani. Mkoa wa Dodoma ni mkavu, mvua ni za msimu mmoja, na kati ya Januari na Machi, kabla mashamba hayajaiva, kaya nyingi za vijijini huwa zimemaliza walichovuna. Mgonjwa wa miezi hiyo anaweza kuwa alianza kukonda kabla hata ya kuugua. Mvute ndugu pembeni, sema kwa upole, "Kuna siku mlilala bila kupika?" Atajibu. La pili ni la pombe, na hapo mke huenda akasita. Rafiki au kaka atakwambia. Unataka kujua kama alikuwa anakunywa kila siku na kama siku za kunywa alikuwa anakula. Jibu hili tutalihitaji hatua ya 4.

Hatua ya 2: Mkono, urefu, uzito

Mwangalie kabla hujapima. Shusha shuka mpaka kiunoni. Mashavu na kando za paji la uso vimebonyea? Mfupa wa mtulinga umetokeza? Nyama kati ya kidole gumba na shahada imejaa au ni kibonde? Kisha bonyeza miguu na mgongo wa chini kuona kama kuna maji, kwa sababu mgonjwa aliyepewa lita kadhaa za dripu anaweza kuonekana amenenepa huku misuli ikiwa imekwisha.

Chukua utepe wa kupimia mzingo wa mkono, uleule wa kliniki ya watoto kama urefu wake unatosha, au futi ya fundi cherehani isiyonyumbuka. Chagua mkono usiovimba na usio na dripu. Kunja kiwiko, laza kigasha juu ya tumbo la mgonjwa, kiganja kikitazama chini. Tafuta ncha ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, pima urefu kati yake, tia alama ya kalamu katikati. Sasa nyoosha mkono kando ya mwili, upitishe utepe pale penye alama, uguse ngozi bila kuibana. Soma kwa sentimeta. Andika namba pamoja na upande wa mkono, kulia au kushoto, na iache alama ya kalamu ili wa zamu inayofuata apime palepale. Chini ya sentimeta 23.5 kwa mtu mzima, kuna uwezekano mkubwa BMI yake, yaani uwiano wa uzito na urefu, iko chini ya 20. Napenda kipimo hiki kuliko vyote vya kitandani: ni dakika mbili, hakihitaji umeme, na mkono hauchelewi kusema ukweli kama miguu iliyojaa maji.

Urefu huenda tayari umeshapimwa, maana mashine ya kupumulia inapangwa kwa urefu wa mgonjwa. Uangalie kwenye chati ya mashine, na uulize ulipatikanaje. Kama ni wa kukisia, pima upya. Mgonjwa akiweza kulazwa chali kwa muda, futi kutoka utosini hadi kisiginoni inatosha. Asipoweza, pima goti: kunja goti na kifundo cha mguu vyote kwa pembe ya digrii 90, pima kutoka chini ya kisigino hadi juu ya paja karibu na goti, kisha tumia hesabu hii, ambayo ilitungwa kwa watu wa miaka 60 hadi 90, kwa hiyo kwa kijana ichukue kama makadirio:

Mwanamume: 64.19 − (0.04 × umri) + (2.02 × urefu wa goti kwa sentimeta)
Mwanamke: 84.88 − (0.24 × umri) + (1.83 × urefu wa goti kwa sentimeta)

Tuseme mgonjwa ni mwanamume wa miaka 31, goti sentimeta 52. Hesabu inatoa karibu sentimeta 168. Kadi yake ya kliniki ina kilo 47. BMI yake ni kama 16.7.

Hapa kuna mtego. Kwa urefu huo, uzito unaotumika kupangia hewa ya mashine ni takriban kilo 64, kwa sababu mapafu yanafuata urefu wa mtu na hayapungui akikonda. Chakula chake cha siku za mwanzo kinahesabiwa kwa kilo 47, uzito wake halisi. Zikiandikwa zote mbili kama "uzito" tu, ipo siku mtu atachukua kilo 64 na kumlishia kijana wa kilo 47. Ziandike kwa majina: "uzito wa mashine" na "uzito halisi kabla ya dripu".

Hatua ya 3: Hesabu alama za NUTRIC, na ujue zisichokihesabu

Alama hizi za kupima hatari ya lishe kwa mgonjwa wa ICU zilitungwa na kundi la daktari Heyland wa Canada na kuchapishwa mwaka 2011. Toleo la mwanzo lilihitaji kipimo cha damu cha interleukini-6, ambacho wengi wetu hatuna. Toleo lililorekebishwa limekiondoa, na ndilo tunalotumia. Jumla ni kati ya 0 na 9:

- Umri: chini ya 50 ni 0, kuanzia 50 hadi 74 ni 1, 75 na kuendelea ni 2.
- APACHE II (alama za ukali wa ugonjwa): chini ya 15 ni 0, 15 hadi 19 ni 1, 20 hadi 27 ni 2, 28 na kuendelea ni 3.
- SOFA (alama za viungo vinavyoshindwa kufanya kazi): chini ya 6 ni 0, 6 hadi 9 ni 1, 10 na kuendelea ni 2.
- Magonjwa mengine aliyokuwa nayo: hakuna au moja ni 0, mawili au zaidi ni 1.
- Siku alizolazwa hospitali kabla ya kuingia ICU: chini ya siku moja ni 0, siku moja au zaidi ni 1.

Tano na kuendelea ni hatari kubwa.

Kwa APACHE II chukua vipimo vibaya kuliko vyote vya saa 24 za kwanza ICU. Alama za fahamu za Glasgow chukua zile za kabla ya dawa za usingizi. Ukiandika za sasa, kila aliyelazwa usingizi ataonekana yuko mahututi zaidi ya alivyo. Kama hakuna kipimo cha gesi za damu kwa ajili ya SOFA, gawanya oksijeni ya kidoleni kwa kiwango cha oksijeni kinachotolewa na mashine. Mfano, asilimia 92 kwa 0.5 ni 184. Jibu la 235 hivi linakaribiana na uwiano wa gesi za damu wa 200, na 315 linakaribiana na 300. Kipimo kisichokuwepo kabisa, kama bilirubini ya kupimia ini, kwa kawaida huhesabiwa sifuri. Lakini andika pembeni kwamba hakikupimwa, ili anayesoma ajue jumla inaweza kuwa ndogo kuliko hali halisi.

Kwa siku za kabla ya ICU, mimi nahesabu pia siku alizolala kwenye hospitali ya wilaya kabla ya rufaa. Mwili haujui kama umebadilisha hospitali. Ziulize, kwa sababu barua ya rufaa haizitaji kila mara.

Chukua mifano miwili, ya kutungwa lakini ya kawaida hapa kwetu. Mama wa miaka 62 mwenye kisukari na presha, amelazwa siku tatu wilayani kwa nimonia kabla ya kuletwa, APACHE II ni 24, SOFA ni 8. Umri 1, APACHE 2, SOFA 1, magonjwa 1, siku 1. Jumla 6: hatari kubwa, na hakuna atakayebisha.

Wa pili ni yule kijana wa miaka 31 wa goti la sentimeta 52. Ana kifua kikuu, ameletwa moja kwa moja kutoka nyumbani, APACHE II ni 17, SOFA ni 6. Umri 0, APACHE 1, SOFA 1, magonjwa 0, siku 0. Jumla 2: hatari ndogo. Kijana wa kilo 47, mkono sentimeta 20, tonge mbili kwa wiki mbili.

Soma tena orodha ya vipengele vitano. Hakuna chakula. Hakuna uzito. Hakuna mkono. NUTRIC inapima ukali wa ugonjwa na uzee, kwa hoja kwamba mgonjwa aliyeugua sana ndiye atakayefaidika zaidi na kulishwa vizuri. Hoja hiyo ina maana yake, na alama ni nzuri kwa kazi hiyo. Lakini wagonjwa wetu wengi wa ICU ni vijana: ajali za bodaboda, kifua kikuu, kina mama waliotoka kujifungua. Umri unawapa sifuri, magonjwa ya awali yanawapa sifuri, na hali yao ya lishe haiulizwi popote. Ndiyo maana nimeweka ndugu na mkono kabla ya alama, na ndiyo maana nasisitiza kanuni hii kwa kila ninayefanya naye kazi: alama kubwa inampandisha mgonjwa kwenye orodha ya hatari, alama ndogo haimshushi yeyote. Kama historia ya chakula ni mbaya, au mkono uko chini ya 23.5, au amepungua zaidi ya asilimia 5 kwa miezi sita, ni hatari kubwa hata kama NUTRIC ni 1.

Kuna wanaotumia alama nyingine za hatari ya lishe, NRS-2002, ambazo zinauliza uzito na chakula. Ni nzuri wodini. Lakini ndani ya ICU zinampa alama 3 kila mwenye APACHE juu ya 10, na 3 ndiyo mpaka wa hatari, kwa hiyo karibu kila aliye kwenye mashine anavuka na huwezi kujua uanze na nani.

Hatua ya 4: Je, chakula chenyewe kinaweza kumdhuru?

Mwili uliokaa na njaa ukipewa wanga kwa wingi hutoa insulini, na insulini husukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Damu inabaki tupu. Moyo unayumba, misuli ya kupumua inalegea, na mgonjwa aliyekuwa anakaribia kuachishwa mashine anaanza kurudi nyuma siku ya pili au ya tatu ya kulishwa, wakati kila mtu anaamini anasaidiwa.

Taasisi ya Uingereza ya NICE ilitoa vigezo mwaka 2006 ambavyo vinafanya kazi hata pasipo maabara kubwa. Hatari ni kubwa kukiwa na kimoja tu kati ya hivi: BMI chini ya 16, kupungua uzito zaidi ya asilimia 15 ndani ya miezi mitatu hadi sita, kutokula au kula kidogo mno kwa zaidi ya siku 10, au potasiamu, fosfeti au magnesiamu kuwa chini kabla ya kulishwa. Vilevile kukiwa na viwili kati ya hivi: BMI chini ya 18.5, kupungua zaidi ya asilimia 10, kutokula kwa zaidi ya siku 5, historia ya pombe, au dawa kama insulini, tiba ya saratani, dawa za asidi ya tumbo au za kukojoza.

Kijana wetu ameingia kwa kigezo cha siku 10 peke yake. Anaanza kwa kilokalori 10 kwa kilo kwa siku, yaani 470 kwa siku nzima, na kuongezwa taratibu kwa siku 4 hadi 7. Kabla ya mlo wa kwanza apewe thiamini (vitamini B1) kwa dozi atakayoandika daktari. Bila thiamini, wanga unaweza kuharibu ubongo, na mnywaji wa pombe asiyekula yuko kwenye hatari hiyo zaidi ya wengine.

Potasiamu, fosfeti na magnesiamu zipimwe kabla, kisha kila saa 12 kwa siku tatu za mwanzo kama maabara inaruhusu, au walau kila siku. Fosfeti ikishuka chini ya milimoli 0.65 kwa lita, chakula kinarudishwa chini kwa saa 48 huku inafidiwa. Kama fosfeti haipimwi kabisa hospitalini kwako, mchukulie kila mwenye vigezo kana kwamba fosfeti yake iko chini: anza pole, panda pole, fuatilia potasiamu na mapigo ya moyo.

Kosa la upande wa pili ni kumwogopa mgonjwa huyu na kumwacha bila chochote. Kilokalori 470 ni chache, ila ni chakula. Zianze.

Hatua ya 5: Tumbo liko tayari?

Hapa uamuzi ni wa daktari na haupaswi kuchukua muda. Kwa wengi, chakula kwa mpira wa pua kinaanza ndani ya saa 48. Subiri kama mshtuko (presha iliyoporomoka) haujadhibitiwa na dozi ya noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, inazidi kupanda, kama tumbo linatoa damu, kama utumbo umeziba au unashukiwa kukosa damu, au kama mpira unarudisha zaidi ya mililita 500 ndani ya saa 6. Presha ikishatulia kwa dawa, hata kama dawa bado zinaingia, anza kidogo kidogo. Kichwa cha kitanda kiinuliwe digrii 30 hadi 45. Kunyamaza kwa tumbo ukilisikiliza si sababu ya kuacha.

Mgonjwa ambaye tumbo haliko tayari leo aandikiwe saa ya kuangaliwa tena. "Asilishwe" bila saa hugeuka kuwa siku tatu.

Hatua ya 6: Geuza hatari kuwa oda

Kwa mgonjwa asiye na tishio la hatua ya 4, lengo la baadaye ni karibu kilokalori 25 kwa kilo kwa siku, lakini wiki ya kwanza usimpe zaidi ya asilimia 70 ya makadirio. Mwili wenyewe unachoma akiba yake wakati huo na huwezi kuuzuia. Protini ifike taratibu gramu 1.3 kwa kilo kwa siku.

Toa kwanza kalori zilizojificha. Propofoli, dawa ya usingizi, ina mafuta, na kila mililita inatoa kilokalori 1.1, ikiingia mililita 10 kwa saa, ni 264 kwa siku. Lita moja ya dekstrosi ya asilimia 5, yaani dripu ya sukari, ni 170. Kwa kijana wa kilokalori 470, lita mbili za dekstrosi na hiyo propofoli zimeshavuka kikomo kabla hajapata hata kijiko cha uji.

Na tuuzungumzie uji, kwa sababu maziwa maalumu ya mpira wa pua ni ghali na familia nyingi zinaleta chupa ya chai kutoka nyumbani. Uji mwepesi unaoweza kupita kwenye mpira huwa na kama gramu 100 za unga kwa lita. Hizo ni takriban kilokalori 350 na protini isiyozidi gramu 10 hivi. Mama wa kilo 60 anayehitaji gramu 78 za protini hawezi kuzipata humo hata kwa lita 6. Ndugu hawajui hilo. Wanaona chupa imekwisha, wanafurahi. Waeleze kwa namba, bila kuwavunja moyo, kisha waambie waongeze nini: maziwa ya unga yenye mafuta, ambayo gramu 100 zina karibu kilokalori 500 na protini gramu 26, mafuta ya alizeti, kijiko kikubwa kama kilokalori 120. Unga uwe wa nafaka safi iliyokauka vizuri. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mgonjwa ambaye ini lake limeelemewa hastahili kulishwa mahindi yenye ukungu. Karanga za kusaga naziepuka pia, kwa sumukuvu na kwa kuziba mpira.

Oda iandikwe hivi: aina ya chakula, mililita kwa saa, muda wa kuongeza, kikomo cha siku, thiamini, vipimo vya damu na saa zake.

Hatua ya 7: Rudia

Kila asubuhi kabla ya raundi, jumlisha kilichoingia kweli kwa saa 24, maana oda na kilichoingia ni vitu viwili. Chakula husimamishwa kwa ajili ya CT, kwa chumba cha upasuaji, kwa jaribio la kumwachisha mashine lililoahirishwa mara mbili, na hakuna anayekumbuka kukirudisha. Ukiona ameingiziwa chini ya nusu kwa siku mbili mfululizo, lisemwe kwenye raundi kwa sauti, kama unavyosema potasiamu ni 2.8.

Usitumie albumini, protini ya damu, kupima lishe. Hushuka kwa sababu ya ugonjwa na dripu, na hupanda mgonjwa akipona, hata kama hajalishwa vizuri. Mzingo wa mkono urudiwe mara moja kwa wiki, kwenye alama ileile. NUTRIC haihitaji kurudiwa. Historia ya chakula huenda ikahitaji, kwa sababu ndugu wa pili hukumbuka alichosahau wa kwanza.

Siku ya kutoa mrija wa kooni, usiutoe mpira wa pua kwa pamoja nao. Koo lililokaa na mrija kwa siku nyingi humeza vibaya, na mgonjwa aliyepona mapafu anaweza kupaliwa na uji wa kwanza. Mjaribu kwa kijiko cha maji akiwa ameketi wima, usikilize sauti yake baada ya kumeza. Na anapohamia wodini, fomu ya uhamisho iwe na uzito halisi wa kabla ya dripu, mzingo wa mkono wa siku ya kwanza na wa leo, kilokalori alizofikia jana, tarehe ya kipimo cha mwisho cha potasiamu, na jina la ndugu aliyefundishwa kutengeneza chakula chake.